Mliondoka Wawili

Juzi nilivuka mto kwa kivuko cha Woolwich, hapa London, pamoja na mwanangu wa kike. Hatukuwa na shida yoyote ng'ambo. Alitaka tu kupanda meli. Kivuko kilipotetemeka na kuanza kujitoa gatini, moshi wa dizeli ulishuka mpaka pale tulipokuwa tumesimama, ukachanganyika na harufu ya maji na ya kamba zilizolowa, na mimi nikajikuta nimeshika ukingo wa chuma kwa mikono miwili. Mwanangu akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia siogopi, nakumbuka. Akataka kujua nakumbuka nini, nikashindwa kumweleza, maana habari yenyewe ni ndefu na mto ule ni mwembamba. Naiandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, sisi tuliokulia Barking na vitongoji vya namna ile, ambao wazazi wetu walikuwa na habari kama hizi vifuani na hawakutuambia. Tulizidaka vipande vipande, tukaviunga kitoto.

Tulikuwa tukikaa ghorofa ya tatu, katika flati ya kaunseli, yaani ya halmashauri ya mji, iliyotazama reli. Baba alisafisha mabasi gereji, Mama alikuwa keya, yaani mtunzaji, katika nyumba ya wazee. Watoto tulikuwa watatu: mimi, Zaituni, niliyekuwa na miaka saba, mdogo wangu Saidi, aliyekuwa na minne, na Mwanaidi, ambaye bado alibebwa mgongoni. Kiswahili changu cha siku zile kilikuwa cha kusikia kuliko kusema. Mama akiniita kwa Kiswahili nilimwitikia kwa Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu.

Jumapili ilikuwa siku ya simu. Baba alinunua kadi duka la kona, akaikwangua kwa sarafu, akabonyeza namba ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona, kisha akaita kwa sauti kubwa kama mtu anayemwita mwenzake upande wa pili wa bonde. Kwanza alizungumza na bibi yangu, Tanga. Hapo alicheka. Baada ya hapo simu ilipelekwa kwa jirani, Bi Tausi, na sauti ya Baba ilibadilika.

"Shikamoo, Bi Tausi... Bado, mama. Bado sijapata habari."

Bi Tausi naye alikuwa wa wale wanaoamini kwamba umbali unashindwa kwa kelele, kwa hiyo tulimsikia wote chumbani. Kila Jumapili aliuliza mambo mengi, na kila Jumapili alimalizia na neno moja:

"Mliondoka wawili, Athumani. Mliondoka wawili!"

Athumani ndiye baba yangu. Akishaweka simu chini alikwenda dirishani, akasimama akiangalia treni zinavyopita, na Mama alitukataza kumsogelea.

Siku moja nilimuuliza Mama yule wa pili ni nani. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Anaitwa Rajabu. Ni mtoto wa pekee wa Bi Tausi. Yeye na baba yako walizamia pamoja mpaka Ugiriki. Baba yako akaja huku, mwenzake akabaki kule. Tangu hapo, kimya."

Sasa, kuzama nilikujua. Kijiko huzama kwenye uji, sabuni huzama kwenye beseni. Kwa hiyo kuzamia, nikaamua, ni kuzama kwa makusudi, ukiwa na mahali unapokwenda. Nikamwona baba yangu akiwa kijana, amesimama ufukweni Tanga na rafiki yake, wamevuta pumzi, wameshikana mikono, wameingia chini ya maji. Nikawaona wakienda na samaki siku nyingi mpaka Ugiriki. Kisha mmoja akaibuka, na mwingine hakuibuka. Ndiyo maana Bi Tausi alilia. Shuleni tulipoambiwa tuchore mtu tunayemheshimu, nilimchora Baba chini ya maji, mashavu yamevimba kwa pumzi, na kando yake mtu mwingine niliyempaka rangi ya samawati kwa sababu amekaa majini muda mrefu. Mwalimu aliipenda sana picha ile. Akaibandika ukutani.

Miaka yote hiyo Baba alikuwa akienda Croydon. Croydon kwangu hapakuwa mji, palikuwa ni jengo kubwa la uhamiaji ambalo Baba alilivalia suti yake ya pekee na kurudi amechoka kuliko alivyochoka na mabasi. Halafu siku moja alirudi akiwa mtu mwingine, na baadaye kidogo ikaja pasipoti nyekundu ya Uingereza. Mama alipika pilau. Baba aliiweka pasipoti mezani katikati ya sahani, akaifuta kwa kiganja kama iliyokuwa na vumbi, akasema, "Sasa nakwenda kumtafuta Rajabu."

"Peke yako?" Mama akauliza.

"Sote."

Mama akacheka, kisha akaona Baba hacheki. "Athumani, una akili? Na watoto hawa? Na huyu mchanga? Unajua visiwa vya kule vilivyo? Ni kama mchele uliomwagika."

"Nitauliza punje moja moja."

"Nenda mwenyewe, basi."

"Nikienda mwenyewe nitakuwa mtu mweusi anayeulizauliza bandarini. Nawajua polisi wa kule, na wao wananijua. Nikienda na nyinyi nitakuwa baba wa watu, niko likizo na wanangu. Mtu huyo hujibiwa."

Walibishana wiki nyingi. Mama alisema Rajabu angetaka kuonekana angeonekana. Baba alisema hiyo ni kweli, na ndiyo sababu lazima mtu amfuate. Mwisho Mama aliomba likizo kazini na kuanza kukunja nguo za mtoto, midomo ameibana. Mimi nilipakia miwani yangu ya kuogelea. Nikaificha ndani ya soksi, kwa kuwa nilihisi watu wazima wamesahau kitu cha maana: kama mtu yuko chini ya maji, nani kati yao alikuwa tayari kuangalia huko?

Tuliposhuka kwenye ndege Athens, joto lilitupiga usoni kama vile mtu amefungua mlango wa jiko la kuokea. Tulikwenda moja kwa moja Piraeus, bandarini, na huko nikamwona baba yangu akitembea kwa namna nisiyoijua. Alikwenda haraka, karibu na kuta. Polisi akipita upande wa pili wa barabara, mkono wa Baba ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa pasipoti. Mama naye aliliona hilo. Akampa Baba Saidi ambebe, na Baba akiwa na mtoto begani mkono haukuwa na nafasi tena ya kwenda popote.

Nyumba waliyokuwa wakilala yeye na Rajabu na vijana wengine wa Kitanzania haikuwepo. Palikuwa na duka la misumari na makufuli. Baba aliingia na picha. Ilikuwa picha ya vijana wawili wembamba wamekaa juu ya ukuta wa gati, wamepeana mabega. Mwenye duka alitikisa kichwa kabla hata hajaitazama. Tulipokuwa tukitoka akaingia bibi mmoja wa Kigiriki aliyevaa nyeusi tupu, akampita Baba kama anayepita nguzo, kisha akamwona Mwanaidi mgongoni kwa Mama. Akasimama. Akamshika shavu, akasema maneno, halafu akamtemea mate kidogo kidogo, mara tatu, hewani tu.

Mama alirudi nyuma kama aliyechomwa. "Anamtemea mwanangu mate!"

Mwenye duka ndiye aliyetueleza kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba bibi hamtukani mtoto, anamkinga na jicho baya. Mama akamtazama yule bibi upya. "Kumbe nao wanaogopa kijicho," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu London midomo yake ikalegea. Na kwa kuwa bibi alikuwa amesimama, mwenye duka akaiomba picha aitazame tena, na wote wawili wakatuelekeza kwa kinyozi mmoja wa Ghana mtaa wa nyuma, aliyekuwa akiwanyoa mabaharia weusi wote wa zamani.

Kinyozi alimkumbuka. "Huyu aliyekuwa akicheka meno yote nje? Alikwenda kisiwa cha Syros kupaka rangi nyumba. Lakini ni zamani, ndugu yangu." Akampa Saidi kitana cha plastiki, akakataa kuchukua chochote.

Basi ndiyo tukapanda meli, na ndiyo harufu ile: dizeli, chumvi, na kahawa nyeusi ya watu waliokaa kwenye sitaha. Mama alikaa kivulini na mtoto. Mimi nilichomoa miwani yangu kwenye soksi, nikaivaa, nikapanda kwenye kichuma cha chini cha ukingo na kuanza kuangalia majini kwa uangalifu, kipande kwa kipande, ili nisimruke mtu. Maji yalikuwa ya buluu ya kutisha, kama wino. Nilikuwa bado naangalia Baba aliponishika kiuno akaniteremsha.

"Unataka kuanguka?"

"Namtafuta Ami Rajabu," nikamwambia kwa Kiingereza. "Si alizama? Wewe ukatoka, yeye hakutoka."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka mpaka watu wakageuka, akacheka mpaka machozi, kisha akaacha ghafla, akakaa chini kwenye ubao na kunipakata, miwani na yote.

"Hatukuzama majini, Zaituni. Tulizamia meli. Ni kuingia ndani ya meli bila ruhusa, ukajificha, ikakupeleka." Akanieleza, na sijui kwa nini aliona mtoto wa miaka saba anafaa kuambiwa, labda kwa sababu nilikuwa wa kwanza kumuuliza waziwazi. Meli ilipakia mkonge Tanga, nao wakajibana katikati ya marobota, wakiwa na dumu la maji na kashata. Mkonge ulikuwa ukiwasha mwili mzima. Kule chini mchana na usiku vilikuwa kitu kimoja. "Maji yalipobaki kidogo tulipokezana. Yeye akinywa, mimi nikinywa. Mpaka nilipoweka mkono shingoni kwake gizani, nikagundua koo lake halisogei. Alikuwa akiweka dumu mdomoni na kunirudishia."

"Kwa nini?"

"Mimi nilikuwa naumwa." Akaniweka sawa mapajani. "Na Piraeus ilipopatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye meli ya kuja Uingereza, alinisukuma mimi. Akasema nenda, nitakufuata."

Nilivua miwani. Lakini sitasema uongo, niliendelea kuchungulia majini mara kwa mara, kwa tahadhari.

Syros ilikuwa mji uliopanda kilima kama ngazi, na kigari cha mtoto kilivunjika gurudumu kwenye ngazi za mwanzo kabisa. Tuliuliza kwa wapaka rangi, kwa wenye hoteli, kwa kasisi mwenye ndevu nyeupe. Wengine walimwangalia Baba na kufunga nyuso. Kisha Saidi aliwauliza jambo lisilohusika, au Mwanaidi akacheka, na nyuso zikafunguka. Aliyemjua alikuwa mama mmoja muuza vitu vitamu, vipande laini vilivyoviringishwa kwenye sukari ya unga, vinavyonata kama haluwa. Alitujaza mikono kwanza. Halafu akauonyesha mlango wa duka lake, wa rangi ya buluu, akasema huyu kijana ndiye aliyeupaka, akiimba kutwa nzima. Baadaye aliondoka na boti ya uvuvi kwenda kisiwa kidogo zaidi, upande ule. Alionyesha bahari kwa kidole chenye sukari. Jina la kisiwa sikuwahi kuliweka kichwani.

Na hapo ndipo upepo ulipoanza. Ulikuwa upepo mkavu, mkali, chini ya jua kali na mbingu safi, jambo ambalo Mama alisema si la kawaida kabisa, maana upepo na jua havipaswi kugombana hadharani namna ile. Meli zikafungwa kamba, hazikwenda. Kila asubuhi Baba alishuka kwenye dirisha la tiketi, na kila asubuhi dirisha lilikuwa limefungwa. Saidi alitapika vile vitamu. Mwanaidi akatoka vipele vya joto shingoni, akawa analia akiguswa. Likizo ya Baba ilikuwa inayeyuka na ndege yetu ya kurudi haikungoja upepo wa mtu.

Siku hiyo Baba alirudi chumbani, akakaa kitandani, akaweka ile picha kifudifudi. "Basi," akasema. "Tumefanya tulichoweza. Turudi Athens kwa meli ya kwanza itakayoondoka, twende zetu nyumbani."

Nilimtazama Mama, nikitegemea atafurahi. Ndiye aliyekuwa hataki tangu mwanzo. Alikuwa anampaka Mwanaidi poda, akaendelea kumpaka.

"Hatujafanya tulichoweza," akasema. "Tumefanya kilichokuwa rahisi."

"Watoto wamechoka, mama Zaituni."

"Watoto watalala melini. Mimi mtoto huyu nimembeba bandari kwa bandari, mgongo unaniwaka moto. Sikumbeba ili nirudi Barking nikamwambie Bi Tausi kwamba upepo ulivuma." Akamgeuza mtoto, akaanza upande wa pili. "Nina mwana wa kiume, Athumani. Akipotea nitataka mtu wa kumtafuta mpaka mwisho, si mpaka dirisha la tiketi."

 Baba aliigeuza picha, akairudisha mfukoni.

Upepo ulipolegea tulipata kimeli kidogo kilichopanda mawimbi kama mtoto anayerukaruka kitandani. Mama aliugua njia nzima. Alitapika kwenye mfuko, akafunga mfuko, akajifuta, akakaza macho mbele. Hakuna aliyethubutu kumwambia pole.

Kisiwa kilikuwa na bandari ya nyumba chache nyeupe, paka wengi kuliko watu, na pweza walioanikwa kwenye kamba kama soksi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na miti yenye majani ya kijivu iliyopindapinda. Baba akanishika bega. "Huo ndio mzeituni," akasema. "Ndio uzaao jina lako." Nilikuwa nimetegemea kitu kizuri zaidi.

Baba alikuwa anamwonyesha mwenye mkahawa ile picha, na mwenye mkahawa anapandisha mabega, ndipo Mama alipogeuka na kusema, "Saidi yuko wapi?"

Hakuwepo. Alikuwa amemfuata paka. Mama alipiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Baba akakimbilia upande wa miamba, mimi nikakimbilia upande wa boti zilizopandishwa nchi kavu, na pale katikati ya boti nikasikia sauti ya mwanamume ikisema kwa nguvu:

"We mtoto! Utatumbukia!"

Saidi alikuwa kwenye ukingo kabisa wa gati, mguu mmoja hewani. Akasimama papo hapo, kama alivyozoea kusimama akiitwa hivyo nyumbani. Mimi pia nikasimama. Ndipo nikagundua kwamba ile haikuwa sauti ya Baba.

Mwanamume alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha boti, na brashi ya kusugulia mkononi. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni. Nadhani na yeye ndipo tu alipojisikia alichokisema, na kwa lugha gani, na kwamba mtoto alielewa. Brashi ikamponyoka. Alitutazama sisi wawili muda mrefu.

"Nyinyi," akasema polepole, "watoto wa nani?"

"Wa Baba," nikajibu, kwa Kiswahili.

Kisha Baba akatokea kwenye kona akihema. Akamwona Saidi, akamshika, akamkumbatia, na akiwa bado amemkumbatia akainua macho. Hawakupiga kelele. Nilidhani watu wakitafutana hivyo wakikutana hupiga kelele.

"Umenenepa," Ami Rajabu alisema.

"Na wewe umekauka."

Wakakumbatiana, Saidi katikati akilalamika kwamba anabanwa. Ami Rajabu alikumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mfukoni, na ulibaki mfukoni alipomsalimia Mama, na alipotupeleka chumbani kwake juu ya ghala la nyavu. Lakini mtu hawezi kukata mkate wa wageni kwa mkono mmoja. Ilibidi autoe, nasi tukauona: vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Kamba ya nyavu iliingia kwenye winchi, mashine ya kuvutia nyavu botini, na mkono ukiwa ndani yake, akasema, kwa haraka, kama anayesimulia habari ya mtu mwingine. Tangu hapo hakuna boti iliyomtaka. Alikuwa akisugua maboti ya wenzake na kuyalinda wakati wa baridi.

Tulikula mkate uliochovywa mafuta ya zeituni, na nyanya tamu ambazo sijapata kuziona tena. Baba alingoja mpaka mkate umekwisha.

"Twende tumpigie mama yako."

"Hapana."

"Rajabu."

"Nitamwambia nini?" Hakupandisha sauti. "Nilimuaga nikamwambia, mama, nitarudi na mikono miwili imejaa. Nitamjengea. Sasa hata mikono yenyewe sina. Maiti haulizwi ameleta nini, Athumani. Mimi acha nife. Nimeshazoea."

"Yeye hajazoea!" Baba alisimama, kiti kikaanguka. "Kila Jumapili ananiambia mliondoka wawili. Kila Jumapili! Wewe umezoea, mimi ndiye ninayepigiwa kelele!" Alikuwa ameshatoa kadi ya simu. "Mimi nampigia. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Kibanda cha simu kilikuwa gatini, kimechomwa na jua. Tulikwenda wote. Ami Rajabu alitufuata, akasimama pembeni, kama mtu anayengoja zamu ambayo hataitumia. Baba alipiga namba ile ile ya bibi yangu, Tanga, akangoja Bi Tausi aitwe, kisha akaanza kuita kwa sauti yake ya Jumapili.

"Bi Tausi! Nimemwona! Yuko hapa, amesimama mbele yangu!"

Sauti ilitoka kwenye simu ile ile kama ilivyotoka chumbani kwetu. "Mpe simu."

Baba akamtazama rafiki yake. Ami Rajabu akatikisa kichwa.

"Anaona haya, mama."

Bi Tausi aliguna. Kisha, kwa sauti ya chini iliyotulazimisha kusogea: "Wafu ndio wasiosema, Athumani. Umekwenda huko, umekuta kaburi, sasa unanituliza. Hao wanao uko nao? Nipe mtoto. Mtoto hana sababu ya kuniongopea."

Baba akaniinamia, akanipa simu. Ilikuwa ya moto sikioni. Nikasema shikamoo, nayo ikaitikiwa.

"Wewe nani, mjukuu wangu?"

"Zaituni."

"Zaituni, unamwona mwanangu? Kwa macho yako?"

"Namwona."

"Ni mzima?"

Neno hilo nilikuwa nalo. Nililijua vizuri, na nilifurahi kwamba nalijua. Mkate mzima ni ule ambao haujakatwa. Ukimaliza chakula umekula sahani nzima. Nikaazimia kulijibu swali lile sawasawa, kwa Kiswahili, kama mtu mkubwa. Nikamtazama Ami Rajabu, nikautazama mkono wake uliokuwa umeshika nguzo ya kibanda, gumba na kidole kimoja.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Si mzima."

Nilimwona Mama akiziba mdomo. Kutoka kwenye simu ilikuja sauti ambayo sikujua kwamba binadamu anaweza kuitoa, ndefu, inayopanda, na nyuma yake wanawake wengine wakaipokea. "Rajabu wangu! Jamani, Rajabu wangu!" Niliishika simu mbali na sikio, nimeganda, nisijue nimefanya nini.

Ami Rajabu aliruka. Hakuomba simu, aliinyakua, kwa mkono ule ule wa vidole viwili.

"Mama! Mama, usilie! Ni mimi. Mimi Rajabu. Niko hai, mama, nisikilize. Mama!"

Alilisema jina lake mara nyingi, sauti ikivunjika, mpaka vilio vikaanza kupungua upande wa pili, kimoja kimoja, kikabaki kimya kinachohema. Kisha akamwambia. Alifumba macho, akamwambia habari ya winchi, na ya vidole, na ya nyumba ambayo hatajenga. Alimwambia yote kwa pumzi moja, akiwa ameegemea kioo.

Bi Tausi alimsubiri amalize. Halafu akarudi kwenye sauti yake ya kawaida, tukamsikia wote, na yule mwenye mkahawa naye akageuka, ingawa hakuelewa neno.

"Mimi mwili wako wote nimeshaulilia, Rajabu. Wewe unanificha vidole vitatu?"

Ilichukua muda mrefu kupata karatasi za kumrudisha kwao, na Baba alisumbuka nazo kutoka London kama alivyosumbuka na zake. Mwisho zilipatikana. Alirudi mikono mitupu, kama alivyoogopa. Sikuwepo, lakini bibi yangu alitusimulia Jumapili iliyofuata, akicheka na kulia kwa pamoja. Bi Tausi alikuwa amemngoja tangu asubuhi amevaa nguo ya sikukuu. Hakumpeleka nyumbani kwanza. Alimshika mkono ule wenye vidole viwili, akaushika hasa, akampitisha mtaani jua likiwa utosini, mlango hadi mlango, akibisha kila nyumba: "Hodi. Nimekuja na mwanangu."